Tatuu ya mgongo mzima au mkono mzima: kuipanga, kuivumilia, kuimaliza

Tatuu ndogo ya saa moja unaweza kuiamua asubuhi na jioni ukawa nayo. Ya mgongo mzima haiendi hivyo. Mkono kuanzia begani hadi kwenye kifundo huchukua takriban saa 15 hadi 40 za sindano, kutegemea rangi na wingi wa vitu vidogo vidogo. Mgongo ukiunganishwa na makalio huanzia saa 30 na kupita 60 bila taabu, na mwili mzima ni kazi ya miaka. Zigawe saa hizo katika vikao vya saa 3 hadi 5, weka wiki 3 au 4 za kupona kati ya kikao na kikao, na mgongo mmoja umekula mwaka, wakati mwingine miwili. Kazi nyingi kubwa huharibika mwanzoni kabisa: mtu anaanza na mchoro mmoja, anaongeza wa pili kando yake, anaziba pengo kwa wa tatu, halafu anataka mrundikano ule uonekane kitu kimoja. Hauwezi.

Panga mipaka kabla ya picha

Mchoraji mzoefu, kabla hajauliza kama unataka simba au ua, atataka kujua tatuu inaanzia wapi na inakomea wapi. Wachoraji wa mtindo wa Kijapani wamelishughulikia jambo hili kwa muda mrefu hata kila mpaka una jina lake: gobu ni mkono unaokomea juu ya kiwiko, shichibu unashuka chini kidogo ya kiwiko, nagasode unafika kwenye kifundo, na munewari ni ule wa kifua unaoacha ukanda wa ngozi tupu katikati hadi tumboni. Kule Samoa pe'a, tatuu ya jadi ya wanaume, huanzia kiunoni na kuishia magotini, na anayeikatisha njiani huibeba aibu hiyo maisha yake yote.

Hata kama mtindo wako hauhusiani na huko, chukua kalamu inayooshika, simama mbele ya kioo, na ujichoree mstari pale tatuu itakapokoma. Vaa shati la kazini. Kaa, inama, inua mkono. Ukingo unachungulia? Unakupendeza ukichungulia? Amua sasa, kwa sababu kuongeza sentimita 5 mwaka ujao maana yake ni kurudia kivuli cha eneo lote la karibu ili kipya na cha zamani vishikane.

Ndani ya mipaka hiyo, mhusika mkuu awe mmoja. Mgongoni anafaa ashike nafasi kubwa, mabegani hadi kiunoni au chini zaidi, na atambulike na mtu aliye hatua kumi kutoka kwako. Kuna jaribio rahisi: punguza picha ya mchoro kwenye simu mpaka iwe na ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Kama hujui tena unatazama nini, mchoro hauna tofauti ya kutosha kati ya giza na mwanga, na maelezo mazuri ya karibu hayataukoa. Mandhari ya nyuma, yaani mawingu, maji, upepo, majani au ruwaza, ndiyo inayofunga vitu vyote pamoja na kuzunguka mwili. Ifuate misuli. Mstari unaokata mkono kwa mlalo huufanya uonekane mfupi na mnene, lakini unaopanda kwa mshazari kutoka kifundoni kuelekea begani huurefusha. Uso wa mtu au wa mnyama usiwekwe juu ya kiwiko wala goti, kwani kila ukikunja, pua inahamia kwenye shavu.

Acha ngozi tupu. Wateja wengi hudhani ngozi iliyoachwa ni kazi isiyokamilika, kumbe ndiyo mwanga wa picha. Wino husambaa taratibu kadiri miaka inavyokwenda: mistari hunenepa, vivuli hulainika, na nafasi zilizobana huziba. Mistari miwili iliyoachana kwa milimita moja leo itakuwa mmoja mnene baadaye. Herufi ambazo tundu lake halifiki milimita 2 ni za kukataa hata kama zinapendeza kwenye karatasi, na uzuri wa kufanya kazi kubwa ni kwamba nafasi ya kuzikuza ipo. Vidoa vyeusi vya asili navyo viachwe na uwazi wa milimita kadhaa kuvizunguka, kwa sababu daktari wa ngozi anatakiwa aweze kuona kama kidoa kimebadilika umbo au rangi, na wino humficha hayo.

Ngozi nyeusi, rangi na makovu

Wino unakaa katika demisi, tabaka la ndani la ngozi, chini ya tabaka la juu lenye melanini inayoipa ngozi rangi yake. Kwa hiyo rangi yoyote unaiona kupitia rangi ya ngozi yenyewe. Kwenye ngozi nyeusi, wino mweusi hukaa vizuri sana ukiachiwa nafasi ya kupumua. Nyekundu iliyokolea, buluu na kijani kizito huonekana. Manjano hafifu, waridi iliyopauka na nyeupe hufifia au hugeuka kuwa kahawia. Njia ya uhakika ni majaribio: mchoraji aweke alama ndogo ya kila rangi mahali pasipoonekana ndani ya eneo litakalofunikwa baadaye, msubiri wiki 6, kisha mchague. Mchoraji anayejaribu kuifanya rangi ing'ae kwa kukandamiza zaidi hapati mng'ao. Anapata kovu.

Keloidi ziangaliwe kwa makini zaidi. Kifua, mabega na sehemu ya juu ya mgongo ndiyo maeneo zinakopenda kuota, na bahati mbaya ndiyo maeneo ya tatuu kubwa. Kama kutoboa sikio, chunusi au kidonda cha kawaida kiliwahi kukuachia kovu lililovimba na kuvuka mipaka ya jeraha, au wazazi na ndugu zako wanazo, muone daktari wa ngozi kabla ya kuweka malipo ya awali. Mstari wa majaribio wa sentimita 2 au 3 husaidia, ila usubiriwe miezi mitatu au zaidi, maana keloidi huweza kuchelewa kujitokeza. Wenye kisukari kisichodhibitiwa, wanaotumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu, wenye magonjwa ya ngozi kama soriasisi au vitiligo, na waliotumia isotretinoini (dawa ya chunusi kali) miezi ya karibuni, wote wapate ushauri wa daktari kwanza. Mjamzito asubiri ajifungue.

Kumpima mchoraji

Omba picha za kazi zilizopona, na ziwe kazi kubwa zilizokamilika. Picha iliyopigwa dakika tano baada ya sindano kuzimwa, ngozi ikiwa imepakwa mafuta na taa ikielekezwa vizuri, haikuambii lolote. Tafuta kazi yenye mwaka au zaidi, kisha ikuze: je, weusi umeshika sawasawa au una mabaka? Mistari ya mbavuni imetulia au inatetemeka? Upande wa ndani wa mkono kuna ukungu wa bluu kando ya mistari? Ukungu huo ni dalili kwamba sindano ilizama mno, wino ukasambaa chini ya demisi, na haufutiki.

Kubalianeni mapema kuhusu mambo ya kawaida: saa za kila kikao, namna ya kulipa, malipo ya awali yanapotea lini, marekebisho ya mwisho yamo ndani ya bei au la. Swali ambalo wengi husahau ni hili: mchoraji akihama mji au akiugua katikati, nani ataimaliza? Mchoraji wa pili mara nyingi hawezi kulinganisha kina cha sindano na kijivu (wino mweusi uliozimuliwa) cha wa kwanza, na kiungo kitaonekana. Afadhali kungoja miezi sita kumpata mtu atakayebaki nawe hadi mwisho.

Usafi una vipimo vyake, usikubali kuambiwa tu kwamba "tunazingatia". Sindano ifunguliwe mbele yako kutoka kwenye pakiti iliyofungwa, yenye tarehe ya mwisho wa matumizi. Vifaa vya chuma vinavyorudiwa vipite kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke: nyuzijoto 121 kwa dakika zisizopungua 15, au 134 kwa angalau dakika 3, baada ya kuoshwa. Waya, chupa ya kunyunyizia na kitanda vifunikwe kwa plastiki inayotupwa, glavu zibadilishwe kila mchoraji akigusa kitu cha nje, na wino umiminwe kwenye vikombe vidogo ambavyo mabaki yake hayarudi chupani. Ulizia maji ya kuzimulia kijivu. Yawe tasa, si ya bomba. Mwaka 2011 na 2012 mjini Rochester, jimbo la New York, watu 19 walipata maambukizi ya bakteria Mycobacterium chelonae kutokana na wino wa kijivu uliokuwa umezimuliwa kiwandani, na chanzo kilichoshukiwa kilikuwa maji yaliyotumika, ambayo hayakuwa tasa. Katika kazi kubwa kijivu hutumika kwa wingi mno, kwa hiyo swali hili si la kuona haya kuuliza. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, kama hujaipata, ipate kabla.

Siku ya mistari

Kikao cha kwanza ndicho cha kuogopewa kidogo, kwa sababu hapo ndipo mchoro unahamia mwilini. Ngozi hunyolewa, husafishwa, hukaushwa kabisa. Kisha unasimama wima, miguu sambamba, mikono ikining'inia, unapumua kama kawaida. Ukilala au ukiinua mkono stensili, yaani karatasi ya kuhamishia mchoro kwenye ngozi, ikibandikwa, ngozi ya mgongo huvutika na mchoro unapinda mara tu unaposimama. Mgongoni stensili hubandikwa vipandevipande kuanzia katikati, na alama za kuunganishia hulinganishwa na uti wa mgongo, ingawa watu wengi mabega yao hayako sawa kabisa, hivyo jicho la mchoraji liamue kuliko rula. Iachwe ikauke dakika 10 hadi 15. Tembea, geuka, jitazame kwa vioo viwili, piga picha. Ikiwa imepinda hata sentimita moja, ifutwe. Kuifuta na kuirudia ni kazi ya nusu saa; kuogopa kumsumbua mchoraji ni jambo utakalolibeba mgongoni.

Mistari yote ya nje ikamilike katika kikao kimoja au viwili. Sababu ni za kiutendaji: stensili hufutika, mwili hubadilika, na mistari ikishafungwa hakuna anayeweza kuongeza wazo jipya la ghafla katikati ya kazi. Tena ukilazimika kusimama kwa miezi kadhaa, mgongo wenye mistari tu unaonekana una mpango, tofauti na mgongo wenye robo iliyopakwa rangi na robo tatu tupu. Kwa mistari mikuu mchoraji hutumia fungu la sindano 7 hadi 14 zilizoshikana kwa duara, na 3 hadi 5 kwa vitu vidogo. Vivuli na mandhari hufanywa kwa sindano zilizopangwa bapa, 15, 23 au zaidi, maana kujaza mgongo kwa sindano nyembamba ni kuichana ngozi bure.

Kina kinachotakiwa ni milimita 1 hadi 2, na hakilingani mwili mzima. Juu ya bega ngozi ni nene; mbavuni, kwenye mfupa wa kifua, kwapani na upande wa ndani wa mkono ni nyembamba. Mkono wa pili wa mchoraji ndio unaofanya nusu ya kazi: dole gumba na kidole cha shahada vinaivuta ngozi pande mbili, na mara nyingi upande wa chini wa kiganja unaivuta upande wa tatu, mpaka iwe imekaza. Ngozi iliyolegea huruka na sindano, mstari unatoka na vidoti. Wino uliowekwa juu mno hudondoka na magamba ndani ya wiki mbili.

Baada ya mistari huja weusi na vivuli, kisha rangi, kutoka nzito kwenda nyepesi, nyeupe ikiwa ya mwisho. Mpangilio huu hauhusiani na desturi: ukifuta weusi mbichi juu ya manjano mabichi, manjano yatachafuka. Kijivu hupona kikiwa hafifu kuliko kilivyoonekana siku ile, kwa hiyo usishtuke mchoraji akikikoleza kidogo.

Kuna ishara moja ambayo mteja na mchoraji wote wanapaswa kuiheshimu. Ngozi huanza kwa kuwa nyekundu au kuvimba kidogo, na hilo ni sawa. Baadaye inang'aa kama imepakwa maji, inachuruzika majimaji mazito, na kila ikifutwa inaonekana kusuguka juu kama karatasi iliyolowa. Hapo imeshashindwa. Haipokei wino tena, na kuilazimisha kutaleta magamba mazito yatakayoondoka na rangi na kuacha mabaka. Sehemu iliyobaki ifanywe kikao kijacho, hata kama ni ya kiganja kimoja tu.

Mwili wako ndani ya kikao

Lala vya kutosha, kula mlo kamili saa moja au mbili kabla, beba maji na kitu chenye sukari. Pombe iachwe kwa saa 24. Aspirini na dawa za jamii yake huongeza utokaji wa damu, lakini kama umeandikiwa na daktari usiache mwenyewe; muulize yeye. Vaa nguo legevu, nyeusi, usizozionea huruma.

Mbavu, kwapa, uti wa mgongo, nyuma ya goti na mkunjo wa kiwiko ni vigumu kuvumilia, na makalio huwashangaza wengi kwa ukali wake. Ushauri wetu ni kuyaweka maeneo hayo mwanzoni mwa kikao, ukiwa na nguvu, na katikati ya mradi. Wanaoyaacha yote hadi mwisho ndio wanaokaa na tatuu yenye kwapa tupu kwa miaka. Baada ya saa ya nne wengi huanza kutetemeka na maumivu kuongezeka ghafla. Kikao cha saa 8 kinaweza kumaliza kazi mapema kwenye karatasi, lakini ubora wa saa mbili za mwisho huwa duni. Ukianza kupiga miayo, kutoka jasho la baridi, kusikia kichefuchefu au masikio kuvuma, sema papo hapo. Mashine izimwe, ulale, miguu iinuliwe, unywe kitu chenye sukari, mpumzike dakika 15 au 20.

Krimu ya ganzi ina hatari ambayo hukua na ukubwa wa tatuu. Mwezi Machi 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu bidhaa za ganzi zenye lidokeini zaidi ya asilimia 4 zinazouzwa kwa ajili ya kazi kama hizi. Ikipakwa eneo pana, kwenye ngozi iliyojeruhiwa, au ikafunikwa kwa plastiki, dawa nyingi huingia kwenye damu na kuweza kuvuruga mapigo ya moyo au kuleta degedege. Mgongo mzima usipakwe ganzi. Kama unahitaji kwa eneo dogo, mjulishe mchoraji mapema, kwani ngozi yenye ganzi hubadilika mguso na humchanganya katika kupima kina.

Wiki zinazofuata

Jeraha la mgongo huwezi kuliosha mwenyewe. Panga mtu kabla ya kikao, si usiku ule. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato mara mbili au tatu kwa siku, kwa kiganja safi bila sponji, kausha kwa kubonyeza karatasi laini, kisha paka mafuta kidogo sana. Yakiteleza ni mengi. Mafuta mengi hulainisha magamba na kuleta vipele. Plasta angavu inayopumua ni nzuri kwa mkono: ya kwanza hubadilishwa baada ya takriban saa 24 kwa sababu hujaa majimaji, ya pili hukaa siku kadhaa. Ikivuja pembeni, itoe, maana uchafu umeshapata njia. Ukiona wekundu na vipele vyenye umbo la plasta yenyewe, gundi yake haikupatani.

Lala kifudifudi juu ya shuka safi. Likiganda mgongoni, usilivute. Lilowanishe kwa maji hadi liachie lenyewe. Kati ya siku ya 4 na ya 14 ngozi itabanduka na kuwasha. Usikune, pigapiga kwa kiganja. Bwawa, bahari na jua vingoje mpaka ngozi ifunge, wiki 2 hadi 4. Wekundu unaozidi kupanuka baada ya siku ya tatu, joto, usaha, michirizi myekundu au homa ni mambo ya hospitali siku hiyohiyo, na mchoraji aarifiwe baadaye.

Eneo lilelile lisiguswe tena kabla ya wiki 4, na 6 ni bora. Likiwa bado linang'aa kwa mbali kama ganda jembamba la kitunguu, halijawa tayari. Katika kazi kubwa unaweza kuendelea sehemu nyingine mapema zaidi, mradi usiwe na vidonda pande mbili hata ukakosa pa kulalia. Kunenepa au kupungua kwa kawaida hakuharibu mgongo wala mkono. Tumbo na nyonga huathirika zaidi, na anayepanga kupata mtoto karibuni aliache tumbo kwanza.

Marekebisho hufanywa miezi 2 hadi 3 baada ya kikao cha mwisho, kwa wakati mmoja, mchoraji akiwa na kazi nzima mbele yake. Usiombe marekebisho ya kila kidoti njiani, kwa sababu kidoti kinachokukera leo mara nyingi hufunikwa na kivuli kitakachofuata. Baada ya hapo ni krimu ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi kila unapotoka tatuu ikiwa wazi, na weusi wa mandhari unaweza kuhitaji kukolezwa tena baada ya miaka mingi, kazi ya kikao kimoja au viwili.